Huyu Spika

Redio yangu ilikuwa na ugonjwa mmoja: iliwafanya wanawake wote wawe mwanamke mmoja. Wakiimba kumi, wewe unasikia nyuki mmoja amefungiwa ndani ya kibiriti. Wanaume nao hivyo hivyo, ila hao sikuwajali. Msoma habari, mhubiri, waziri, wote sauti moja, na waziri hata ukimpa redio ya dhahabu atasema yale yale.

Mke wangu Nabwire akiwa hai sikuona shida. Chumba chetu cha mtaa wa Laini Saba kilikuwa na sauti yake, redio ilikuwa ya kujazia tu. Mungu hakutupa mtoto, kwa hiyo kelele zote za nyumba zilikuwa zake: kufukuza kuku wa jirani, kuita wenye maji, kunigombeza kwa vipande vya bati nilivyoacha chini ya kitanda. Alikufa mvua ya Aprili, mwaka wa themanini na moja. Nilimsukuma kwa mkokoteni, kwa sababu barabara ya kuingiza gari hatukuwa nayo, ingawa kila kura tunaahidiwa. Kliniki tukaambiwa mwenye ufunguo wa chumba cha dawa amekwenda uwanja wa ndege kumpokea mkubwa fulani. Akafia kwenye benchi. Mwenye ufunguo bado ana kazi yake, na huyo mkubwa bado anapokelewa.

Sasa nitasema habari ya kuimba. Kanisa letu sisi watu wa magharibi lilikuwa Kawangware, na kila Jumamosi Nabwire alikuwa anatembea kwenda kule kufanya mazoezi ya kwaya. Majirani wa Laini Saba hawakuwahi kumsikia akiimba. Hapa walimjua kwa kupigia kuku kelele. Mwaka mmoja kabla hajafa, watu wa redio walikuja kanisani na gari lao wakairekodi kwaya. Mimi sikuwepo, nilikuwa nagonga masanduku ya shule ya tajiri mmoja aliyeyataka siku hiyo hiyo. Katika wimbo mmoja, alinieleza, kwaya yote inanyamaza, wanabaki wanawake wanne wanajibizana. Yeye ni mmoja wa hao wanne.

Siku ilipotangazwa kwamba watachezwa, tulioga, tukakaa wawili mbele ya redio kama watu wanaopigwa picha. Mara ikaingia hotuba. Hotuba ikala saa yote ya kwaya, ikaramba na sahani. Nabwire akacheka, akasema, "Haya, na yeye ni mwimbaji." Mimi sikucheka. Picha yake ninayo moja tu, ya kipande cha utambulisho, na humo amekunja uso kama amemwona mwizi. Sauti yake haiko popote duniani ila kwenye kabati la watu wa redio, na ufunguo wa kabati, kama ule wa dawa, wanao wengine.

Miaka miwili baada ya kumzika, akaja Seline, mama mmoja wa kanisa la Kawangware.

"Hodi! Shemeji, uko?"

"Niko. Niende wapi?"

"Kanisani wametangaza. Jumapili ya mwisho wa mwezi huu, baada ya habari za mchana, redio inacheza ile kwaya ya akina Nabwire."

"Wakubwa hawana hotuba siku hiyo?"

"Wewe nawe! Hata salamu hakuna?"

"Hujambo. Hawana?"

Akacheka, kisha akaona sina utani, akaweka maharagwe aliyoniletea juu ya meza na kwenda zake. Mimi nikabaki nikiangalia ile redio. Nilijua nitakachosikia siku hiyo. Nyuki.

Kesho yake nikaenda kwa miguu hadi mtaa wa Satellite, kwa Nyamai. Nyamai ni Mkamba, fundi wa redio. Duka lake ni kama kabati, yeye mwenyewe ndiye nguo iliyotundikwa ndani. Nikamwambia nataka redio ambayo wanawake wanne wanakuwa wanne.

"Wanne! Mzee Shiundu, umesilimu lini?"

Nikamweleza. Akaacha mzaha, akaweka chini kile chuma chake cha kuchomelea.

"Redio yako haina makosa," akasema. "Makosa ni ya spika. Spika mdogo ni mtu anayeongea akiwa amebana midomo. Hawezi kusukuma hewa ya nyumba nzima, hana kifua. Kwa hiyo mpe koo jembamba, halafu lile koo lipanuke polepole mpaka liwe mdomo mkubwa. Unakumbuka gramafoni za zamani, ile pembe yake kama ua? Watu walidhani ni urembo. Ile ndiyo ilikuwa inafanya kazi yote."

"Na pembe kama hiyo inauzwa wapi?"

"Inauzwa! Wewe si ndiye fundi wa mabati?"

Akanipa spika mmoja aliyemtoa kwenye gari lililopinduka, mdogo kama kisosi cha chai.

Hapa nieleze jambo, kwa maana ndilo lililoniponza. Sisi watu wa kugonga mabati hatusemi "hii" wala "hili" tukiwa kazini. Bati likikataa kukunjika tunasema huyu mkaidi. Nyundo ikipotea tunauliza yule amekwenda wapi. Kitu ukishinda nacho kutwa kinakuwa mtu, na kwangu mimi, kwa miaka hiyo miwili, hapakuwa na mtu mwingine wa kuitwa huyu. Basi na spika naye akawa huyu.

Pembe ya kwanza niliitengeneza kama faneli ya mafuta ya taa, imenyooka tu kutoka koo hadi mdomo. Ilikuwa aibu. Msoma habari alisikika kama mtu aliyetumbukia kwenye tangi. Nikaikata, nikaifanya jiko. Ya pili nilikata bati vipande virefu vyenye tumbo, kama maganda ya ndizi, nikaviunganisha kwa kukunja mshono, ikaanza kwa wembamba na kupanuka taratibu, kisha mwishoni ikafunguka yote kwa haraka. Hiyo ilijua kuongea, ila bati lenyewe nalo lilikuwa linaongea juu ya maneno ya wenzake, kila neno likifuatwa na mlio wake. Nikaipaka lami kwa nje, nikaivisha magunia, nikaifunga kamba. Ikanyamaza yenyewe, ikaacha wengine waongee. Kuna watu nawajua wangefaa kupakwa lami hiyo.

Mdomo ulikuwa mpana kuliko mlango wa nyumba. Niliiunganishia ndani, kwenye kona, nikiacha kuta mbili ziuendeleze mdomo, kwa hiyo kona yote ikawa sehemu ya pembe. Nyamai ndiye aliyenifundisha hivyo. Nafasi ikapatikana kwa kutoa kiti kimoja. Vilikuwa viwili, na cha pili hakikuwa na mkaaji.

Jioni nilipomwasha mara ya kwanza, sauti ikasema "Hamjambo wasikilizaji," nami nikageuka mlangoni kuona ni nani ameingia. Nilisikia ulimi wa yule mtu ukigusa meno. Nilisikia akigeuza karatasi. Redio ilikuwa ile ile, betri zile zile, na sikuwa nimeongeza sauti. Nikamjibu, "Hatujambo." Halafu nikaona haya, nikazima, nikala ugali wangu na maharagwe ya Seline bila kuangalia ile kona.

Jumamosi, siku moja kabla ya kwaya, Nyamai akaja mwenyewe kukagua. Akasikiliza, akatikisa kichwa kwa kustaajabu, tukaenda kunywa chai kwenye kibanda cha Njambi, jirani yangu, kando ya reli. Kwenye benchi la pili alikuwa amekaa Thuo, ametugeuzia mgongo, anakula mandazi. Thuo alikuwa mwangalizi wa vyumba vya Githinji, landilodi wetu anayekaa Kawangware Arobaini na Sita na haji huku ila mwisho wa mwezi. Pia alikuwa kijana wa chama, na beji yake kifuani hakuivua hata akienda msalani. Ulikuwa mwaka wa themanini na tatu. Tangu kelele za Agosti ya mwaka uliopita, wanajeshi walipojaribu kupindua serikali, watu walikuwa wanaangalia nyuma kabla ya kupiga chafya. Mimi nilikuwa nimesahau kuangalia. Mwenye huzuni anakuwa mjinga wa mambo mengi.

"Shida ya huyu Spika," nikamwambia Nyamai, "ilikuwa ni kule kufungiwa kwa sanduku. Anapiga kelele tu, maana hakuna."

"Wote ndivyo walivyo."

"Lakini sasa nimeshamkatia koo."

"Nimeona. Umemkatia safi kabisa. Mimi niliogopa utamharibu."

Gari la moshi likapita, tukanyamaza mpaka likaisha.

"Kesho mchana ndiyo yenyewe," nikasema. "Kesho nataka hata Kawangware wasikie."

"Ila angalia nguvu. Betri sita zinatosha. Ukimzidishia, atalipuka."

"Akilipuka kabla ya kesho, mimi nimekwisha."

"Na nyaya?"

"Nimefunga zote mbili. Nangojea saa tu."

Njambi akaja kuchukua vikombe. "Huyu Thuo ana nini leo?" akauliza. "Ameacha mandazi nusu. Huyu, kuacha mandazi!"

Tulidhani ni tumbo.

Jumapili asubuhi nilioga. Nilikuwa nafunga vifungo vya shati waliponigongea mlango, askari wawili wa chifu. Mmoja mfupi anaitwa Kaloki, na mmoja mrefu, mtu wa kwetu magharibi, anaitwa Nalianya. Hawakuingia ndani. Wakasema chifu ananitaka. Nikauliza kwa kosa gani, Kaloki akasema, "Kosa utaambiwa huko, mzee. Sisi ni miguu tu." Nikampa Njambi ufunguo, nikamwambia narudi sasa hivi.

Sikurudi sasa hivi. Chifu alikuwa kanisani anaomba. Nikakalishwa kwenye jiwe ndani ya kambi yake, shati langu safi, jua likipanda. Nilikuwa na hakika nitatoka mapema, kwa sababu sijafanya kitu. Ona ujinga huo. Chifu alipokuja, akakaa, akavua kofia, akanitazama sana.

"Wewe ndiye Shiundu. Spika yuko wapi?"

"Yuko nyumbani kwangu."

Karani wake, pembeni, aliacha kuandika. Chifu akasogea mbele.

"Nyumbani kwako mahali gani?"

"Kwa kona. Karibu na kitanda."

"Yuko hai?"

"Jana alikuwa anaongea vizuri."

"Umemfunga?"

"Kwa skrubu nne, afande. Na kamba kidogo."

"Na hilo jambo la koo?"

"Koo ni bati tupu. Ndilo lilinisumbua zaidi."

Karani akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kumcheza. "Afande," akasema, "samahani. Nafikiri mzee anasema spika ya redio, si Spika wa Bunge."

Kaloki akageukia ukuta, nikaona mgongo wake unacheka.

"Kama ni ya redio," chifu akasema, "kwa nini unasema huyu, huyu?"

"Sasa nimwite nani, afande?"

"Unaita kitu mtu, halafu unamkata koo, kwa kibanda cha chai, mbele ya watu! Unataka kunifukuzisha kazi? Mimi jana sikulala!"

Mtu aliyechekwa mbele ya askari wake hawezi kukuachilia hivi hivi. Lazima apate jambo. Akalipata. Alisema huenda ni kipaza sauti cha mikutano, na mkutano hauna leseni. Akamwambia Nalianya aende Laini Saba, aione kwa macho, aiwashe asikie kama ni redio kweli, arudi na ripoti, ndipo mimi niende.

"Afande, nipeleke nami," nikasema. "Nitaiwasha mwenyewe. Nakuomba. Mchana huu kuna kitu changu redioni."

"Wewe kaa hapo."

"Afande, ni mke wangu."

"Mke wako naye ana nini?"

"Ni marehemu."

Akaniona ni mwendawazimu, akavaa kofia, akaenda nyumbani kula. Mimi nimewaza sana juu ya mtu yule. Hakunipiga wala hakunitukana. Alikwenda kula tu. Wengi wao hivyo ndivyo wanavyotuua.

Nalianya alikuwa na miguu mirefu, nikapiga hesabu kwamba akienda upesi na kurudi upesi, na mimi nikikimbia, huenda nikaupata ule wimbo hata mkia. Kaloki akakaa mlangoni na kiredio chake cha mkononi, amekifunga kwa mpira kisifunguke. Habari zikasomwa. Nikatazama njia. Habari zikaisha. Yule mtangazaji akasema sasa ni kwaya kutoka Kawangware.

"Kaloki, ndugu yangu. Nipe hicho."

Sijui aliona nini usoni mwangu. Alinipa. Nikakibandika sikioni mpaka sikio likauma. Wimbo wa kwanza ukapita, wa pili ukapita. Kisha kwaya nzima ikanyamaza, nami nikajua ndio hapo. Nikafumba macho.

Nyuki. Nyuki mmoja, kibiriti kimoja.

Walijibizana, hilo nililijua, kwa sababu nyuki alikuwa anapanda na kushuka. Lakini nani aliuliza na nani alijibu, sikuweza. Nilikigeuza kile kiredio huku na huku, nikakikinga kwa viganja viwili kama mtu anayewasha kibiriti penye upepo. Mke wangu alikuwa humo, kwa muda wa wimbo mmoja, na sikuweza kumtoa kati ya wenzake.

"Mzee, ni nini?" Kaloki akauliza.

"Mke wangu anaimba humu."

Akainama, akasikiliza. "Yupi?"

"Hilo ndilo nilitaka kujua."

Wimbo ukaisha. Kwaya nyingine ikafuata, kisha salamu za wagonjwa. Nikamrudishia kiredio chake. Nalianya bado. Kaloki akaanza kunung'unika kwamba huyu mtu amekwenda Laini Saba ama amekwenda kwao.

Alirudi jua limeanza kuegama, anatembea polepole, kichwa wazi.

"Ulikuwa wapi?" Kaloki akamfokea. "Mzee wa watu anaoza hapa!"

"Ni redio," Nalianya akasema. "Ni bati na magunia. Lakini, wacha nikwambie, Kaloki! Nimeiwasha hivi tu ili nijaribu, ikaniangukia kwaya. Wimbo wa kwetu, mama yangu alikuwa anauimba akisaga. Nikasema nisikie kidogo. Wakafuata mama wanne. Wanne, nimewahesabu! Kila mmoja peke yake, unaweza kumnyooshea kidole. Watu wakajaa mpaka dirishani. Ningezimaje? Nilikaa kitandani mpaka mwisho." Kisha akaniangalia. "Mzee, nenda nyumbani. Hiyo si kosa. Hata mimi kofia nimeisahau huko."

Alichosikia yeye, mimi sikukisikia. Alikaa juu ya kitanda changu, ndani ya chumba changu, akasikia, na kwa kuwa kazi yangu ilikuwa nzuri ndiyo maana alichelewa, na kwa kuwa alichelewa mimi nikakosa. Ningetengeneza pembe mbaya, angezima akarudi mara moja.

Tukaenda wote wawili, yeye kwa sababu ya kofia. Njambi alikuwa nje ya mlango wangu anafagia nyayo za watu. "Baba, tumesikia!" akasema. "Kumbe mama alikuwa na kwaya ya namna hiyo, sisi hatujui!" Nikamuuliza alikuwa yupi kati ya wale wanne. Ufagio ukasimama. Akasema yeye alimjua Nabwire akiongea tu, na mtu akiimba anakuwa mwingine.

Ndani, kofia ilikuwa juu ya mto. Nalianya akaichukua, akataka kutoka. Nikasimama mlangoni.

"Nionyeshe," nikasema.

"Nini, mzee?"

"Walikuwa wapi. Umesema unaweza kuwanyooshea kidole."

Aliona haya, mtu mzima wa serikali, lakini akarudi mpaka kwenye kona, akainama mbele ya pembe.

"Wa kwanza alikuwa karibu sana, hapa kwenye mdomo wa bati. Sauti nene. Wa pili nyuma yake kidogo, huyo kama msichana. Wa tatu huku, ndani ndani, anavuta maneno." Akanyoosha mkono kupita pembe, mpaka kwenye ukuta wa udongo. "Na wa nne alikuwa mbali. Kama amesimama nje, ng'ambo ya ukuta, huko relini. Lakini ndiye aliyemaliza. Wenzake walinyamaza, yeye akasema lile neno la mwisho peke yake."

"Ni yupi kati yao?"

"Mzee, mimi nitajuaje? Hawakujitaja majina."

"Huyo wa mwisho, alilisemaje hilo neno?"

Akafungua mdomo, akajaribu. Ilikuwa sauti ya askari, kavu, ya kuitana gizani. Akakohoa, akaacha. "Siwezi," akasema. "Pole, mzee." Akavaa kofia yake, akainamisha kichwa apite mlangoni, nikasikia viatu vyake vikienda kando ya reli mpaka visisikike.

Nikafunga mlango. Nikasimama katikati ya chumba. Nabwire alisimama pale kwenye mdomo wa bati, au nyuma yake, au ndani karibu na ukuta, au huko nje ng'ambo. Sikujua nigeukie wapi.